Tarehe na Saa Zinazosomeka: Namna ya Kuchagua Muundo wa Wakati Katika Programu

Ujumbe wa kwanza niliouandikia kliniki moja hapa Kisumu ulikuwa na maneno haya: "Unakumbushwa kumleta mtoto kliniki tarehe 02/05/2024 saa 8:00." Programu iliutuma yenyewe siku tatu kabla ya miadi. Siku ilipofika nilikuwa pale kutengeneza printa, na saa nane mchana akaingia mama mmoja kutoka Ahero, mtoto mgongoni, akakuta chumba cha chanjo kimefungwa. Alinyoosha mkono akanionyesha simu yake na kuniambia kwa upole, "Mwanangu, si mmeniandikia saa nane?" Hakuwa amekosea hata kidogo. Ujumbe ulikuwa wa Kiswahili, neno "saa" ni la Kiswahili, na saa nane kwa Kiswahili huja baada ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyechukua namba kutoka kwenye saa ya Kiingereza na kuitanguliza neno la Kiswahili, na mama wa watu akalipa nauli ya bure.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza programu zinazotoa tarehe na saa, ziwe ni za risiti, za ujumbe mfupi, za ripoti au za faili za kumbukumbu za mfumo. Ninachokishikilia ni kwamba wakati uliochapishwa unapaswa kusomeka kwa namna moja tu na yule atakayepanga safari au kazi yake kwa kuufuata. Na kama maandishi ni ya Kiswahili, namba inayofuata neno "saa" haina budi kuwa ya saa ya Kiswahili.

Anza kwa kumtambua msomaji

Kabla ya kuchagua muundo wowote, amua kama kitakachousoma ni mashine au ni mtu, kwa maana mahitaji yao hayafanani na mtu akijaribu kuwaridhisha wote wawili kwa mstari mmoja atawakosa wote wawili. Mashine inataka muundo usiobadilika, wenye urefu uleule, unaotaja ukanda wa saa waziwazi. Kwa kazi hiyo hakuna haja ya kubuni chochote, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, ISO 8601, kimekuwapo tangu 1988 na RFC 3339, waraka wa kanuni za intaneti uliotolewa 2002, umekipunguza hadi umbo moja linalofaa kwenye intaneti:

2024-03-07T05:40:00+03:00

Mwaka umetangulia, ukafuatwa na mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, kila kimoja kikiwa kimejazwa sifuri mbele panapohitajika. Kwa mpangilio huo, ilimradi mistari yote inatumia ukanda mmoja wa saa, ukiipanga kama maneno ya kamusi itakuwa imejipanga pia kwa wakati, na hilo peke yake huokoa saa nyingi za kutafuta kosa usiku. Sehemu ya mwisho, +03:00, inaeleza kwamba saa hizi ziko mbele ya saa ya ulimwengu, yaani UTC, kwa saa tatu. Katika Python mstari mmoja unatosha:

datetime.now(ZoneInfo("Africa/Nairobi")).isoformat(timespec="seconds")

Nimeandika "Africa/Nairobi" badala ya kujumlisha saa tatu kwa mkono, ingawa Kenya haibadilishi saa zake kwa misimu na jibu la leo lingekuwa lilelile. Kenya haikuwa kwenye saa tatu kamili sikuzote. Zamani za ukoloni ilipata kuwa mbele kwa saa 2 na dakika 30, na baadaye kwa saa 2 na dakika 45. Anayeingiza kumbukumbu za wazee waliozaliwa nyakati hizo ataipata tofauti hiyo bila kuitarajia iwapo alijumlisha kwa mkono. Katika majina ya faili, ondoa nukta pacha, kwa kuwa Windows haizikubali: nakala-2024-03-07_0540 inatosha.

Palipo na hatari kubwa zaidi ni pale unapotoka kwenye hifadhidata kuelekea kwa mtu. Seva nyingi huhifadhi wakati kwa UTC, na ni vyema ziendelee hivyo, lakini lazima ubadilishe kwanza kwenda saa za Afrika Mashariki ndipo ukate tarehe, yaani uichukue tarehe peke yake na kuiacha saa. Chukua namba 1700000000, ambayo ni hesabu ya sekunde tangu mwanzo wa 1 Januari 1970 kwa UTC. Kwa saa ya ulimwengu namba hiyo ni 14 Novemba 2023, 22:13:20. Kwa aliye Nakuru ni tarehe 15 Novemba, saa saba na dakika kumi na tatu usiku. Duka la dawa linalokesha likiuza dawa dakika ile, na mwandishi wa programu akakata tarehe kabla ya kubadilisha saa, mauzo hayo yataingia kwenye hesabu ya jana yake. Kosa hili huwapata wote wanaouza kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku, na mwenye duka atamshuku mhudumu wa zamu ya usiku kabla hajaishuku programu. Ndiyo maana ninalihesabu kuwa ni jambo la heshima ya mtu.

Tarehe: uandike mwezi kwa jina

Mkenya akiona 03/04/2025 husoma tarehe tatu mwezi wa nne. Kompyuta iliyoachwa kwenye mipangilio ya Marekani, kama zilivyo nyingi ninazozikuta maofisini, husoma tarehe nne Machi. Fungua ndani ya Excel ya kompyuta kama hiyo faili lenye tarehe za Aprili zilizoandikwa kwa utaratibu wetu, kisha uitazame safu kwa makini. Tarehe za mwanzo wa mwezi, hadi ya kumi na mbili, zitakuwa zimesogea upande wa kulia wa visanduku, kwa sababu zimekubaliwa kuwa tarehe, ila siku imegeuzwa mwezi na mwezi umegeuzwa siku. Kuanzia ya kumi na tatu zitakuwa zimebaki kushoto kama maneno ya kawaida, maana hakuna mwezi wa kumi na tatu. Safu iliyogawanyika hivyo, nusu kulia na nusu kushoto, ni dalili ya kwanza ninayoitafuta mtu anaponiletea ripoti "iliyoharibika".

Kosa la namna hii hujificha vizuri wakati wa majaribio ikiwa siku ulizochagua hazina utata. Ukijaribu kwa 12/12/1963, siku ya Uhuru, au kwa 8/8/2017, siku ya Uchaguzi Mkuu, mipangilio yote miwili itakupa jibu moja na utalala ukidhani kazi imekwisha. Jaribu kwa 9/8/2022, siku ya uchaguzi uliofuata, au kwa 01/06/2021, Madaraka ile iliyoadhimishwa hapa Kisumu, na ukweli utajitokeza mara moja.

Tiba yake ni kuandika mwezi kwa jina kila mahali ambapo mtu atasoma: 7 Machi 2024. Jina halina utata, halitegemei mpangilio wa kompyuta ya mtu mwingine, na kwa Kiswahili ni fupi, kwa kuwa majina marefu kuliko yote, Februari na Septemba, yana herufi nane tu. Ndiyo sababu sipendi kuyafupisha. Juni na Julai zikikatwa kuwa "Jun" na "Jul" hutofautiana kwa herufi moja ya mwisho, na kwenye risiti iliyofifia herufi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea. Najua kwamba katika mazungumzo wengi wetu husema "mwezi wa tatu" kuliko "Machi", na katika ujumbe wa sauti unaopigwa kwa simu ningetumia lugha hiyo ya mazungumzo: "tarehe saba, mwezi wa tatu". Katika maandishi, jina hushinda.

Jina la siku ya juma ni nyongeza yenye faida kubwa katika miadi, kwa sababu humpa msomaji njia ya kuhakiki. Ujumbe ukisema "Alhamisi, 2 Mei 2024" na mtu akaangalia kalenda ya ukutani, siku na tarehe vitakubaliana. Programu ikiwa imegeuza siku na mwezi, itachapisha Jumatatu, 5 Februari, na mtu yeyote ataona kwamba kuna jambo. Lakini usifupishe siku kwa kukata herufi tatu za mwanzo, kama programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha nyingine zinavyofanya. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zote zitakuwa "Jum", na utakuwa na kalenda yenye siku tano za jina moja. Katika ujumbe wa simu watu hufupisha kwa J3, J4 na kadhalika, na hilo linaeleweka baina ya marafiki. Kwa programu, andika jina lote.

Hapa pia pana mtego wa namba. Hesabu ya siku iliyo ndani ya majina yetu huanza Jumamosi, kwa maana "mosi" ni moja, ikaendelea hadi Jumatano ambayo ni ya tano. Kiwango cha ISO huanza Jumatatu na kuiita siku ya 1. Kwa hiyo programu ikichapisha "siku ya 3", ISO inakusudia Jumatano na Mswahili anafikiri Jumatatu. Namba hiyo ibaki ndani ya msimbo, isionekane kwa mtu.

Mwaka uandikwe kwa tarakimu nne. Kwa kanuni ya POSIX, kiwango cha mifumo ya kompyuta ya aina ya Unix, mwaka wa tarakimu mbili kuanzia 69 hadi 99 huhesabiwa kuwa wa 1900 na kitu, na kuanzia 00 hadi 68 kuwa wa 2000 na kitu. Mkulima aliyezaliwa 1958, akiandikwa "58", atahesabiwa kuwa atazaliwa 2058. Na wanaotumia Java waangalie sana tofauti ya yyyy na YYYY: ile ya herufi kubwa ni mwaka wa kuhesabia majuma, wala si mwaka wa kalenda. Kwa hesabu ya majuma ya ISO, 30 Desemba 2024 ilikuwa Jumatatu ya juma la kwanza la 2025, kwa hiyo YYYY hutoa 2025-12-30, yaani mwaka mzima mbele. Kosa hilo hukaa kimya mwaka mzima na kujitokeza siku za sikukuu, wakati hakuna mtu ofisini.

Saa: namba na neno viende pamoja

Sasa nirudi kwenye kosa langu la kliniki, kwa kuwa hapa ndipo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya wengine haitusaidii. Sisi tuna saa mbili kichwani. Tunaangalia simu inayoonyesha 08:00, kisha tunasema "ni saa mbili", wala hatuoni ugumu wowote, kwa sababu tangu utotoni tumejifunza kuvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Programu haijui kuvuka. Maktaba za programu zinazotafsiri tarehe kwa Kiswahili hufanya kazi nzuri kwenye majina ya siku na miezi. Mstari huu wa JavaScript, kwa mfano, hutoa siku, tarehe na mwezi kwa Kiswahili safi:

new Intl.DateTimeFormat("sw-KE", {dateStyle: "full", timeZone: "Africa/Nairobi"}).format(new Date())

Ukiiomba saa, hata hivyo, itakupa namba za saa ya Kiingereza. Maneno yametafsiriwa, namba imeachwa. Kwa hiyo kazi ya kuvusha namba ni yako, nayo ni hesabu ndogo: chukua saa ya mfumo wa saa 24, ongeza 5, gawanya kwa 12 na ubakize baki, kisha ongeza 1.

(s + 5) % 12 + 1

Saa 24 ikisoma 7, utapata 1. Ikisoma 14, utapata 8. Ikisoma 0, utapata 6. Na ikisoma 18, utapata 12. Dakika hazibadiliki. Usijaribu kuifanya programu iseme "kasorobo", ingawa ndivyo tunavyosema, kwa sababu neno hilo hulazimisha namba ya saa isogee mbele na utakuwa umefungua mlango wa makosa mapya bila faida; "saa 2:45" inasomwa na kila mtu.

Baada ya namba lazima lije neno la kipindi cha siku, kwa maana saa mbili iko asubuhi na iko usiku. Mimi hutumia mipaka hii: kuanzia 04:00 hadi 05:59 ni alfajiri, kuanzia 06:00 hadi 11:59 ni asubuhi, kuanzia 12:00 hadi 15:59 ni mchana, kuanzia 16:00 hadi 18:59 ni jioni, na iliyobaki ni usiku. Mtu wa pwani angetaka kuongeza alasiri, na wako wanaosema kwamba saa kumi na mbili kamili bado ni alfajiri. Wana hoja, hasa huku magharibi: kwa kuwa Kisumu iko mbali upande wa magharibi katika ukanda wetu wa saa, jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi, na mwezi Februari hukaribia saa moja kasoro dakika kumi, ilhali watoto wa shule wameshatoka nyumbani gizani. Unaweza kuusogeza mpaka huo bila kuharibu kitu. La kuhakikisha ni kwamba nyakati mbili zenye namba moja haziangukii kamwe kwenye kipindi kimoja. Kwa mipaka niliyoitaja, 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi na 18:00 ni saa kumi na mbili jioni, 04:00 ni saa kumi alfajiri na 16:00 ni saa kumi jioni. Hakuna jozi inayogongana.

Usichanganye alama za lugha mbili katika kipande kimoja. Ujumbe wa M-Pesa wa Kiingereza umetuzoesha AM na PM, nazo ni sawa kabisa katika sentensi ya Kiingereza. Lakini "saa 2:00 PM" ndiyo sura mbaya kuliko zote, kwa kuwa mmoja atashika neno "saa" na namba 2 aje saa mbili usiku, na mwingine atashika PM aje saa nane mchana, na hakuna utakayemlaumu. Hata ndani ya Kiingereza, 12:00 AM na 12:00 PM huwachanganya watu wengi mno, ziepuke.

Je, ufanyeje pale wafanyakazi wanapotaka saa 24, kama ratiba za zamu za hospitali? Ziandike kama zilivyo, 08:00 na 14:00, bila neno "saa" mbele ya namba, na uzitumie kwenye jedwali la wafanyakazi tu. Kwa miadi ya mgonjwa, ambapo kukosea kuna gharama ya nauli, siku ya kazi na pengine afya, mimi huandika zote mbili: "saa 2:00 asubuhi (08:00)". Kipande cha kwanza kinasomwa kwa sauti nyumbani, na cha pili kinalinganishwa na kioo cha simu. Ni herufi chache zaidi, na tangu nilipoziongeza sijaona tena mtu akifika mlango umefungwa kwa sababu ya saa.

Usiku, na swali la siku kuanza lini

Kalenda ya kompyuta hubadilisha siku saa sita usiku. Mazoea ya Waswahili huanza siku jua linapozama, na hata pale ambapo mazoea hayo yamelegea, bado mtu anayekesha huhesabu usiku mzima kuwa ni wa siku aliyoamkia kazini. Fikiria tiketi ya basi linaloondoka Kisumu kwenda Nairobi kupitia Nakuru, iliyochapishwa "Jumamosi, 00:30". Kwa kompyuta, hiyo ni nusu saa baada ya Ijumaa kwisha. Abiria anayeisoma atakula chakula cha jioni cha Jumamosi, atafunga mizigo, aende kituoni, akute basi lake limeondoka karibu siku nzima iliyopita. Lugha yetu ina dawa ya jambo hili tayari, nayo ni kutaja siku zote mbili: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 6:30". Weka kanuni ndani ya programu yako kwamba wakati wowote kuanzia 00:00 hadi 03:59 huchapishwa kwa umbo hilo, angalau katika tiketi, miadi na matangazo ya kukatwa maji au umeme.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi nayo isiandikwe "31 Mei, saa 6:00 usiku", kwa sababu tarehe 31 Mei ina saa sita usiku inayoianza na nyingine inayoimaliza. Andika "31 Mei, saa 5:59 usiku".

Ukanda wa saa ndani ya risiti ya Nakuru ni mzigo usio na kazi, uache. Utaje pale tu ambapo msomaji anaweza kuwa nje. Lori linalotoka Nakuru likavuka Malaba hadi Kampala halibadilishi saa, lakini likifika Kigali litakuta saa ziko nyuma kwa saa moja. Ndugu aliye London yuko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao. Katika hali kama hizo andika "kwa saa za Afrika Mashariki" kwa maneno kamili.

Muda uliopita na muda uliobaki

Programu nyingi hupenda kuandika "dakika 5 zilizopita" badala ya saa yenyewe. Kwenye skrini inayojisasisha ni jambo zuri. Kwenye karatasi au kwenye ujumbe mfupi ni kosa, kwa kuwa maneno hayo huanza kuwa ya uongo mara tu yanapotumwa. Ukiyatumia, kumbuka kwamba Kiswahili hudai upatanisho wa ngeli, na kiolezo kimoja chenye pengo la namba hakitoshi. Ni "dakika 1 iliyopita" lakini "dakika 5 zilizopita". Ni "mwezi 1 uliopita" lakini "miezi 3 iliyopita". Na siku hufuata dakika. Andaa kiolezo cha umoja na cha wingi kwa kila kipimo. Baada ya siku mbili, rudi kwenye tarehe kamili. "Juzi" inaeleweka na wote, ila "mtondo", yaani siku inayofuata kesho kutwa, si kila kijana wa mjini anayeijua.

Tenga pia saa ya kusoma na saa ya kuhesabu muda. "Subiri saa 2" inaweza kuwa ni kusubiri hadi saa mbili au kusubiri kwa kipindi cha saa mbili. Wengi hujinasua kwa kusema "masaa", neno ambalo walimu wetu walilikataa. Katika maandishi rasmi "kwa muda wa saa 2" na "hadi saa 2:00 usiku" humaliza utata bila ugomvi.

Mahali padogo: risiti ya maziwa

Nilipotengeneza risiti za kituo cha kukusanyia maziwa huko Nakuru, printa ilikuwa ile ndogo ya karatasi ya milimita 58, ambayo mstari wake hubeba herufi 32. Mstari wangu wa kwanza uliingia bila kubakiza nafasi hata moja:

7 Machi 2024, saa 11:40 alfajiri

Nilifurahi hadi tarehe zilipoanza kurefuka. "27 Septemba 2024, saa 11:40 alfajiri" ina herufi 36, printa ikalikata neno katikati na kuanza mstari mpya kwa vipande vya alfajiri. Tangu hapo tarehe hukaa kwenye mstari wake na saa kwenye mstari wake, na hesabu huifanya kwa jina refu kuliko yote kabla ya kuchapisha chochote. Sekunde niliziondoa, mkulima anayeleta lita zake gizani hahitaji kujua sekunde, na zile za kutafutia makosa zimo kwenye faili la kumbukumbu. Ukikosa nafasi kabisa, toa kwanza jina la siku, kisha sekunde ikiwa bado zipo. Usitoe jina la mwezi, na usitoe neno la kipindi.

Kabla ya kuipeleka kwa watu

Jaribu programu kwa nyakati zilizo ngumu, usiishie kwenye ya leo. Mimi hupitisha 00:00, 00:30, 03:59, 06:00, 12:00, 18:00 na 23:59. Kisha 29 Februari 2024, 30 Desemba 2024, na siku moja ya Septemba yenye tarakimu mbili. Nasoma kila jibu kwa sauti, maana sikio la mzoefu wa Kiswahili hukamata kosa ambalo jicho limeliruka.

Baada ya hapo mpelekee mtu ambaye hakuandika programu. Chapisha ujumbe mmoja, umpe karani, mama wa sokoni au dereva, na usimwulize kama ameuelewa, kwa sababu kwa adabu atakujibu kwamba ameuelewa. Mwulize atatoka nyumbani lini. Ujumbe wa kliniki niliurekebisha hivyo, nikausomesha kwa akina mama watatu waliokuwa kwenye benchi la kusubiri, na wote watatu wakanitajia asubuhi ileile: "Mlete mtoto kliniki Alhamisi, 2 Mei 2024, saa 2:00 asubuhi (08:00)."